Mtego wa Mzee Tochi

Mama Pazia aliwapitia mmoja mmoja kuwaomba wasigonge.

Alianza kwa Kinyozi, kwa sababu ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Alimkuta ameketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, hana mteja, anajitazama kwenye kioo kama mtu anayengoja basi.

"Shemeji, nina ombi," Mama Pazia alisema. "Jumamosi Mzee akisimulia, usigonge kisahani."

"Akikosea je?"

"Hata akikosea."

Kinyozi alichukua brashi, akapangusa mkono wa kiti ambao haukuwa na unywele hata mmoja. "Sasa shemeji, huo utakuwa mchezo gani? Mimi Tochi namvizia tangu nina meno yote. Sijawahi kumkamata hata mara moja. Leo ndiyo mnaniambia nifunge mikono?"

"Binti yetu anakuja kumwangalia. Akimwona amesimulia mpaka mwisho, atamwacha nyumbani. Akimwona anakamatwa kila dakika, ataondoka naye."

Kinyozi aliiweka brashi chini. Hakuuliza tena.

Habari alikuwa nayo, kama mtaa mzima ulivyokuwa nayo. Mwezi uliopita Mzee Tochi alitumwa mkate akapotea. Walimpata kwenye duka la magodoro, lile lililokuwa jumba la sinema zamani. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, gizani, kati ya magodoro, tochi mkononi, akimwambia mwenye duka apunguze sauti maana picha imeshaanza. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika ujana wake wote: kupokea tiketi mlangoni na kuwamulikia watu njia mpaka kwenye viti. Mwenye duka ndiye aliyempigia simu binti.

Kutoka kwa Kinyozi, Mama Pazia alikwenda kwa Karani, aliyestaafu posta, akakubaliwa kabla hajamaliza kueleza. Mwalimu ndiye aliyemsumbua. Alikuwa mwanamke mrefu aliyefundisha jiografia mpaka sauti ikakwaruza, na alimsikiliza huku amekunja mikono.

"Mama Pazia, mimi sikuwahi kumpa mtoto vema ambayo hakuipata."

"Huyu si mtoto, dada. Ni mume wangu."

"Ndiyo maana nasema." Mwalimu alikunjua mikono. "Basi. Sitagonga. Lakini usinishukuru."

Mama Pazia alirudi nyumbani akakaa kwenye cherehani. Kulikuwa na pazia la mteja linalosubiri upindo. Alikanyaga pedali huku akiomba, kama alivyozoea, maana kwake cherehani na sala vilikwenda kwa mwendo mmoja. Mungu wangu, mpe Jumamosi hii tu. Sikuombi kesho yake. Alisema hivyo mara nyingi mpaka maneno yakawa kama uzi, yanapita tu.

*

Desturi yao ilikuwa hivi. Jumba la sinema lilipofungwa, kanda za video zikaota ukungu na mashine ikafa, wale wapenzi wa filamu za zamani walibaki bila picha ya kutazama. Ndipo Mzee Tochi akasema picha zote ziko kichwani, kwa nini zikae bure. Kila Jumamosi alasiri mmoja wao angekaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni na kusimulia filamu moja, tukio kwa tukio, tangu taa kuzimwa mpaka kuwashwa. Wengine wangesikiliza, kisahani mapajani, kijiko mkononi. Msimuliaji akikosea, hata rangi ya mlango, aliyemkamata anagonga kisahani na kukichukua kiti. Na kila msimuliaji alipaswa kuingiza kosa moja la makusudi, ili kuona nani amelala. Kosa hilo waliliita mtego. Sheria hiyo pia aliitunga Tochi.

Mama Pazia hakuhesabiwa miongoni mwao. Aliandaa chai, akarudi kwenye cherehani yake pale dirishani, akashona. Kwa miaka yote hiyo kijiko chake kilikoroga chai tu.

*

Binti yao, Mama Pacha, alifika Jumamosi asubuhi na gari la mumewe. Mama Pazia alipotoka kumpokea aliona begi kwenye kiti cha nyuma, tupu, limelala kifudifudi. Akajua ni la nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pacha hawajambo?"

"Hawajambo. Tumewapangia chumba upya, kitanda cha tatu kimeingia. Ila mlango sasa haufunguki wote."

"Na mimi nikija nitalala wapi?"

Mama Pacha alishughulika na kufunga gari. "Mama, wewe utakuja baadaye. Chumba kingine yuko mama mkwe, unajua. Na huku kuna nyumba, kuna cherehani, kuna wateja wako. Tukipata nyumba kubwa..."

"Sawa."

"Usiseme sawa hivyo."

"Nisemeje?"

Mzee Tochi alitoka chumbani amevaa shati jeupe na tai nyeusi ya kazini. Vifungo vilikuwa vimeruka kimoja, shati limepanda upande. Mama Pazia aliinua mikono, lakini binti alimtangulia. Alivifungua vyote na kuvifunga upya, haraka haraka, kama anavyowafanyia pacha wakichelewa shule. Mzee aliinua kidevu, akangoja amalizwe.

"Baba, leo siku gani?"

"Siku ya filamu."

"Najua. Ni siku gani ya wiki?"

"Alasiri watu watakuja kukaa kwenye viti vyangu na kunywa chai yangu. Kama leo si Jumamosi, basi hao ni wezi."

Mama Pacha alicheka bila kutaka. Mama Pazia alishusha pumzi.

"Na mimi ni nani?"

Mzee alimtazama toka juu mpaka chini. "Wewe umeingia bila tiketi," alisema.

Binti alicheka tena, akamshika baba yake bega. Mama Pazia hakucheka. Alikuwa anayatazama macho ya mumewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakuweza kujua kama anatania.

*

Walikuja kama kawaida, Kinyozi mbele, Karani na kofia yake, Mwalimu na mto wake wa kukalia. Kila mmoja alimsalimia Mama Pacha kwa uchangamfu uliozidi kipimo. Mama Pazia aligawa chai, akagawa visahani. Vijiko vililia kidogo, kisha kila mtu akakishika chake kama ameambiwa asikidondoshe.

"Leo picha gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Nyumba ya Dirisha Moja," Karani alijibu. "Ya zamani. Siyo ule upuuzi wa kwenye televisheni."

"Kuna tamthilia yake? Si mama mkwe anaitazama kila siku?"

"Pole yake," Kinyozi alisema. "Hebu niambie, binti yangu, nyumba ya dirisha moja. Masikini wa Mungu, mumewe yuko gerezani, ana dirisha moja la kumngojea. Hao wa tamthilia wamemweka kwenye nyumba ina madirisha kama hoteli. Umasikini umebaki kwenye jina tu."

"Na zile kope za bandia za mwigizaji wao, kama minyoo," Karani alisema. "Akifumba macho unasikia upepo."

"Mwacheni mtoto wa watu," Mwalimu alisema. "Kosa si la kope. Wamechukua picha ya saa mbili wameivuta kama ulimbo. Mume anatoka jela, watazamaji wameshamsahau."

"Mwalimu, wewe unatetea kwa sababu hukumpenda Macho," Karani alisema.

Macho ndilo jina walilompa mwigizaji wa filamu ya zamani. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye mabango, lakini mabango yaliliwa na mvua.

"Sikusema simpendi. Nasema yule mwigizaji mwenzake, Kimya, alimzidi. Macho bila yale macho angefanya nini? Kimya alikuwa anaweza kulia amekupa mgongo. Unaona mabega tu, na wewe unatafuta leso."

"Kimya alikuwa anavaa viatu vikubwa," Kinyozi alisema. "Nilikuwa namsikia anavyotembea hata picha ikiwa haina sauti."

Wakacheka. Mzee Tochi alicheka nao, polepole kidogo, kama aliyefika baada ya wengine. Mama Pazia, kwenye cherehani, aliinamia upindo. Tamthilia ile aliitazama yeye pia, kila jioni mumewe akishalala, sauti ameipunguza mpaka mwisho. Aliipenda. Hakumwambia mtu.

"Kwani filamu yenyewe haipatikani kwenye simu?" Mama Pacha aliuliza. "Niwatafutie mtazame, msijisumbue kukumbuka."

Wote walimgeukia kana kwamba ametukana. Karani ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kutoa habari ya msiba. "Ipo. Mpwa wangu alinionyesha. Wameipaka rangi."

"Wameipaka rangi?" Mwalimu alisema.

"Gauni lake la mwisho wamelifanya jekundu."

"Lilikuwa la kijivu," Mzee Tochi alisema.

"Sasa ni jekundu, Tochi."

"Lilikuwa la kijivu." Aliinuka, akaenda kukaa kwenye kiti kikubwa, akaiweka mikono yake juu ya magoti. "Nilisimama pale kila jioni. Hakuna mtu atakayeniambia mimi gauni la Macho. Haya. Taa zinazimwa."

*

Alisimulia vizuri. Mama Pazia hakuitarajia sauti ile. Ilikuwa sauti ya zamani, ya mtu anayenong'ona ukumbi mzima ukamsikia. Alisimulia jinsi askari walivyomchukua mume alfajiri kiatu kimoja kikabaki mlangoni, na jinsi Macho alivyokiosha, akakipaka rangi na kukiweka chini ya dirisha. Mama Pacha, aliyekuwa akitazama simu, aliiweka kando.

Kisha akafika kwenye barua ya kutoka gerezani, akasema aliyeileta ni jirani.

Hakuwa jirani. Alikuwa mlinzi wa gereza, na hapo ndipo kisa chote kilipoanzia. Kijiko cha Kinyozi kilipanda hewani, kikasimama, kikashuka taratibu mpaka kwenye nguo yake. Karani alikunywa chai. Mzee aliendelea.

Alisimulia tukio la mkate, Macho anavyokata mkate vipande viwili na kumwekea mume asiyekuwepo. Akasimulia mvua. Akasimulia tena tukio la mkate, kwa maneno yale yale, kisu kile kile, pumziko lile lile kabla ya kipande cha pili. Mwalimu alifumba macho. Mama Pazia alikanyaga pedali ijapokuwa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Lakini binti hakujua. Alidhani ndivyo picha ilivyo, kwamba mwanamke yule hukata mkate tena na tena. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, kiganja shavuni, kama alivyokuwa akikaa utotoni baba yake akirudi kazini na kumweleza picha ya jioni ile. Mama Pazia alimwona, akajisemea, imepita. Alitaka kushukuru. Alitafuta furaha ndani yake akakuta pamefagiliwa.

"Sasa mume amerudi," Mzee Tochi alisema, "na siye yule. Amekaa mezani, anakula ule mkate, hamtazami. Macho anasimama. Anafunga dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Anatoka, gauni la kijivu, barabara ndefu, hakuna mtu. Anatembea. Anafika kwenye kona."

Alinyamaza kidogo.

"Anageuka. Anaitazama ile nyumba. Machozi yanamtoka."

Hakuna aliyegonga.

Macho hakugeuka. Hata Mama Pazia, aliyeiona picha ile mara moja tu ujanani, alijua hilo. Watu walitoka ukumbini wakibishana kwa sababu hakugeuka, ndoa zilitetereka. Kugeuka na kulia kulikuwa kwa tamthilia. Ndilo jambo lililowakasirisha kuliko madirisha na kope vikiwekwa pamoja.

Mzee Tochi hakuendelea. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anakitazama kisahani cha Kinyozi, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na tabasamu dogo la mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Mama Pazia aliliona, na hapo tu akakumbuka mtego. Aliwaomba wasigonge kosa. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kwamba kosa moja lazima ligongwe. Alimtazama Kinyozi amkonyeze. Kinyozi alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

Tabasamu likaondoka polepole.

"Hamkugonga," Mzee Tochi alisema.

Mtu alikohoa.

"Kinyozi. Macho amegeuka na wewe umekaa."

"Nilipitiwa, mzee mwenzangu. Usingizi."

"Macho yako yalikuwa wazi. Karani?"

Karani alivua kofia, akaigeuza, akaisoma ndani.

"Mwalimu."

Mwalimu aliweka kijiko chake sakafuni. "Tulisikia, Tochi," alisema. "Sote tulisikia."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeoneshwa jambo kwenye ramani.  Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Na kabla ya hapo, nilikosea mara ngapi?"

"Kukosea nini?" Mama Pacha alisema. "Baba, umesimulia vizuri sana. Mama, mbona hukuniambia kwamba..." Aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama mama yake mwisho, na hakumaliza.

Mzee Tochi naye alimgeukia mkewe. "Ni wewe uliyewaambia."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ili ubaki."

Alilipokea jibu hilo kama alivyozoea kupokea tiketi: akalitazama mbele, akalitazama nyuma. Halafu akashika mikono ya kiti, akajiinua. Karani aliruka kumsaidia, akazuiwa kwa kiganja.

"Kiti ni cha aliyekamata," Mzee alisema. "Hakuna aliyekamata." Akaenda kukaa kwenye stuli karibu na mlango, mahali ambapo wageni huacha miavuli. Kiti kikubwa kikabaki kitupu, na hakuna aliyethubutu kukitazama.

"Mama Pacha."

"Abee, baba."

"Hicho kitanda cha tatu kiko ukutani au mlangoni?"

Binti aliweka mkono mdomoni. "Ukutani."

"Vizuri. Mlangoni mtu akifungua, mwanga unaharibu picha."

*

Waliondoka bila kumaliza chai. Kinyozi alisimama mbele ya rafiki yake, akataka kusema neno, akaishia kumnyooshea tai iliyokuwa imenyooka. Mwalimu alipita karibu na Mama Pazia akamgusa mkono. Hakusema nilikwambia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angesema.

Mama Pazia alipanga begi. Mashati, fulana, sweta, dawa za presha, viatu vya kanisani. Ile tochi ya kazini aliizungushia taulo ili isigongwe, akaiweka katikati. Alipiga magoti kando ya kitanda, kama afanyavyo kila mtu wa nyumba hiyo anapokwenda safari, akafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Alisubiri. Mwishoni akasema amina, peke yake, bila maneno mbele yake, akainuka.

Mama Pacha alikuwa mlangoni. "Mama, umenichukia?"

"Nitakuchukiaje?"

"Ulitaka kunidanganya."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshaamua kumwacha. Pale kwenye mkate nilishaamua."

"Nilikuona," Mama Pazia alisema, akamkabidhi begi. "Usiku anaamka. Usiwashe taa ghafla. Mwambie tu, njia ni hii."

"Si umwambie aghairi? Wewe atakusikiliza."

"Ameuliza swali kwenye nyumba yake na watu wote wakanyamaza. Nimwambie nini tena?"

Hakutoka kuwasindikiza. Alisema ana vyombo. Aliingia sebuleni na sinia, akaanza kukusanya vikombe na visahani, na alipofika penye cherehani akawaona kupitia dirishani. Jua lilikuwa bado kali. Mzee Tochi alikuwa anatembea kuelekea garini, shati jeupe, tai, binti amemshika kiwiko. Alitembea vizuri. Mtu asiyemjua angesema anakwenda kazini.

Kwenye mlango wa gari alisimama. Akageuka. Akaitazama nyumba.

"Twende, baba," Mama Pacha alisikika akisema. Hakusogea. Alisimama pale anatazama, mikono imening'inia, na Mama Pazia hakuweza kuuona mdomo wake sawasawa kwa sababu ya mng'ao wa jua kwenye kioo. Huenda pembeni palikuwa na lile tabasamu. Huenda alikuwa amesahau tu alikokuwa anakwenda. Mama Pazia alimtazama kwa muda mrefu, na hakuna kitu kilichomjia, si chozi, si neno, si sala.

Aliweka sinia juu ya cherehani. Akachukua kijiko, akakiinua kisahani kimoja karibu na dirisha, akagonga. Mara moja.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika. Mzee Tochi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekamatwa kihalali. Akageukia mbele, akainama ili asigonge kichwa, akaingia.

Gari lilipopita kwenye kona hakuna kichwa kilichogeuka. Mama Pazia alirudisha kijiko kwenye sinia, akaenda kuosha vyombo.